Mrejesho: selari zangu zimeota

Wadau, niliuliza hapa kwa nini mbegu za selari zinagoma kuota kwangu Tanga, wiki tatu kimya. Mlioniambia nisizifukie, asanteni sana. Kumbe zinahitaji mwanga, na mimi nilizifunika udongo mwingi kama mahindi! Nikasubiri Juni joto lipungue, nikaziloweka usiku kucha, nikazimwaga juu ya udongo wenye mboji na kuzikandamiza kidogo kwa kiganja. Trei nikaiweka kivulini chini ya mwembe, maji ya kupulizia asubuhi na jioni. Siku ya 16 nikaona kijani. Sasa zina miezi mitatu, ziko kwenye ndoo. Mabua bado membamba, ila majani machache niliyotia kwenye supu jana yalinukia nyumba nzima.