Nimeuziwa turbo ya farasi 450 Nakuru, wala hakuna aliyeuliza gari langu linapumua hewa ya wapi

Ndugu wanajukwaa,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Mezani kwangu kuna turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili iongeze nguvu, iliyokufa baada ya kilomita 2,300, risiti ya shilingi 185,000 ya kuinunua, risiti nyingine ya shilingi 42,000 ya kuifunga na kuandika upya programu ya kompyuta ya injini, na ujumbe wa simu ambamo mwenye duka ananiambia kwamba nimeiua mwenyewe kwa kukanyaga mafuta kupita kiasi. Duka lenyewe silitaji kwa sasa, kwa kuwa nimewapa hadi Ijumaa ya wiki ijayo wanijibu kwa maandishi. Ninachotaka kukiweka wazi ni namna turbo hiyo ilivyochaguliwa, maana nikisoma malalamiko ya wenzangu wenye magari ya kuvutwa na magurudumu ya mbele naona kosa ni lile lile: muuzaji anauza idadi ya farasi, yaani kipimo cha nguvu ya injini, na mnunuzi anaachiwa kugundua mengine barabarani.

Gari langu ni Golf GTI ya toleo la saba, injini ya lita 2.0, lililoletwa kutoka Japani. Kiwandani lilitoka na farasi 220 na turbo ndogo ya IHI iitwayo IS20. Nguvu ile ilinitosha mjini, lakini mimi husafiri kwenda Kisumu mara mbili kwa mwezi kupitia Salgaa, Mau Summit na Kericho, na kwenye mlima ule nilitaka gari lenye pumzi zaidi ya kulipita lori kwa haraka na usalama. Nilikuwa na lengo la farasi 300 hivi, kwa sababu Golf R ya toleo hilo hilo, inayotumia turbo ya IS38 na kusukumwa na magurudumu yote manne, ilitoka kiwandani na farasi 300, kwa hiyo nilijua injini ya familia hii inaweza kuubeba mzigo huo.

Hayo yote niliyasema dukani. Nilisema ninaishi Nakuru, ninapanda Mau Summit, ninatumia super ya kawaida ya vituo vyetu, difu yangu, yaani gia inayogawa nguvu kati ya gurudumu la kulia na la kushoto, ni ile ya kiwandani isiyo na kufuli, na magurudumu yanayovuta ni mawili ya mbele tu. Kijana aliyenihudumia alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: ninataka farasi wangapi? Nilipotaja 300 akaniambia kwamba kwa pesa ile ile naweza kupata turbo ya farasi 450, nikabakiza akiba ya baadaye. Nilimwamini kwa sababu duka hilo linajitangaza kuwa la wataalamu, na mtu huenda kwa mtaalamu ili asaidiwe kuamua jambo asilolijua.

Sasa nimejifunza mwenyewe, kwa gharama ambayo sikupaswa kuilipa, na nitaeleza kile ambacho duka lilipaswa kunieleza.

Turbo haichaguliwi kwa farasi. Huchaguliwa kwa mchoro wa kompresa, yaani upande wa turbo wenye feni inayosukuma hewa, mchoro ambao kila mtengenezaji makini huutoa pamoja na bidhaa yake. Kwenye mchoro huo, mstari wa chini huonyesha uzito wa hewa inayopita kwa dakika, na mstari wa kusimama huonyesha uwiano wa presha, yaani presha inayotoka kwenye kompresa ikigawanywa kwa presha ya hewa inayoingia. Upande wa kushoto kuna mpaka ambao ukivukwa hewa hurudi nyuma na feni hutikisika, hali ambayo mafundi wengi huiita turbo kukohoa. Upande wa kulia kuna mpaka mwingine, ambako feni imezidiwa na haiwezi tena kupitisha hewa zaidi. Juu kabisa kuna kikomo cha kasi ya shafti, ambayo katika turbo za ukubwa huu hupita mizunguko 150,000 kwa dakika. Injini yako inapaswa kuishi katikati ya mipaka hiyo, na ndiyo maana turbo ndogo mno hukimbizwa hadi ikavunjika, na kubwa mno hukohoa hadi beringi zikaisha.

Hapa ndipo Nakuru inapoingia, na hapa ndipo ninapokasirika zaidi. Usawa wa bahari, presha ya hewa ni kilopaskali 101 hivi. Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na presha yetu ni kama kilopaskali 81. Mau Summit, ambako mwinuko unapita mita 2,400, presha hushuka hadi kama kilopaskali 75. Hili si jambo la siri, kwani mama yeyote aliyewahi kupika maharagwe Mombasa kisha akayapika Molo anajua ni wapi yanakawia kuiva. Kompyuta ya gari langu iliandikiwa programu inayodai kilopaskali 240 za presha kamili (pamoja na presha ya hewa ya kawaida) ndani ya injini, na programu hiyo, kama nilivyokuja kuambiwa, ilinakiliwa kutoka kwa gari la Ulaya linalotumia petroli ya oktani 98, ambayo super yetu ya kawaida haiifikii. Gawanya 240 kwa 101 upate uwiano wa 2.4 hivi kule pwani. Gawanya kwa 81 upate karibu 3 hapa Nakuru. Gawanya kwa 75 na uwiano unafika 3.2 mlimani. Gari ni lile lile na programu ni ile ile, lakini kazi inayodaiwa kutoka kwa turbo imebadilika kabisa.

Joto nalo hupanda. Kwa hesabu ya kawaida ya kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70, hewa inayoingia ikiwa na digrii 25 hutoka na joto la karibu digrii 145 kwenye uwiano wa 2.4, na karibu digrii 180 kwenye uwiano wa 3. Mzigo huo wote huachiwa intakula, yaani kifaa kinachopoza hewa kabla haijaingia kwenye injini, na intakula yangu ilikuwa ya kiwandani, kwa sababu hakuna aliyeitaja siku ya mauzo. Pampu ya mafuta ya presha ya juu haikutajwa pia, ilhali injini kama yangu, inayodunga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ni vigumu kufika farasi 450 kwa pampu iliyotoka nayo kiwandani.

Turbo niliyouziwa ilikuwa na feni kubwa ya hewa iliyofungwa kwenye kasha dogo la upande wa ekzosti, ili ikae mahali pa ile ya awali bila kubadilisha mabomba. Mchanganyiko wa namna hii una matumizi yake, sikatai. Lakini kasha dogo huiamsha turbo mapema, injini ikiwa bado katika mizunguko ya chini na haijaanza kumeza hewa nyingi, na hapo feni kubwa inayodaiwa uwiano wa 3 husukumwa moja kwa moja hadi kwenye mpaka wa kukohoa. Kanuni ambayo watu wa kazi hii huitumia ni kwamba kila farasi 10 huhitaji takriban pauni moja ya hewa kwa dakika. Mtu anayetaka farasi 300 anahitaji turbo iliyo imara kwenye pauni 30 au zaidi kidogo, na feni ya pauni 45 inamfanya aishi siku zote upande wa kushoto wa mchoro. Ile akiba ya baadaye niliyoahidiwa ndiyo iliyoiua turbo yangu.

Nilisikia dalili wiki ya kwanza. Nikipanda kutoka Salgaa kwenda Sachang'wan, nyuma ya malori, gia ya nne, mizunguko kama 3,000, nilikuwa nikikanyaga mafuta na kusikia mlio wa kupigapiga kama bawa la kuku ndani ya bomba. Nilirudi dukani nikawaeleza. Waliniambia huo ndio mlio wa turbo kubwa na kwamba nitauzoea. Kauli hiyo ndiyo inayoniumiza kuliko pesa, kwa sababu kama mtu mmoja pale angelichukua dakika kumi kutazama kumbukumbu za kompyuta, angeliona presha ikipanda na kushuka ovyo, na turbo ingalikuwa hai.

Kuhusu magurudumu ya mbele sina budi kusema wazi, kwa sababu kuna maisha ya watu ndani yake. Gari linapoongeza mwendo, uzito wake huhamia nyuma, na magurudumu ya mbele hupungukiwa na mshiko wakati ule ule yanapodaiwa nguvu nyingi zaidi. Difu isiyo na kufuli huipeleka nguvu kwa gurudumu lisilo na mshiko. Mfumo wa gari wa kulifunga breki gurudumu linaloteleza husaidia, lakini hufanya hivyo kwa kuzichosha breki. Turbo yangu ilileta nguvu yote kwa mkupuo ilipofika mizunguko 3,000 hivi, na usukani ukavutwa kulia au kushoto kwa kadiri barabara ilivyotaka. Pale Kericho, ambako mvua ya alasiri ni jambo la kawaida, nilijikuta gia ya tatu magurudumu yakizunguka bure katikati ya kupita basi. Nilikuwa na mke wangu na mtoto garini. Programu ya maana kwa gari la namna hii hupunguza presha katika gia za chini na kuileta nguvu polepole, na fundi anayejua kazi yake hukushauri ununue difu yenye kufuli na tairi nzuri kabla hata ya kuigusa turbo. Sikuambiwa lolote kati ya hayo.

Ilikufa kilomita chache kabla ya Mau Summit. Moshi wa bluu, mlio wa chuma kukwaruza chuma, kisha nguvu zikaisha. Gari la kunivuta hadi Nakuru lilinigharimu shilingi 15,000. Fundi mwingine, mzee ambaye amefungua turbo za malori kwa miaka mingi, aliifungua mbele yangu. Beringi inayozuia shafti kwenda mbele na nyuma ilikuwa imelika hadi mwisho, ncha za feni ya hewa zilikuwa zimesaga kuta za kasha, na bomba la oili lilikuwa safi, bila kizuizi chochote. Aliniambia hakuhitaji kuniuliza turbo ilikuwa na mlio gani.

Duka linasema oili yangu ilikuwa mbaya. Ninazo risiti za oili, ya aina inayotajwa kwenye kitabu cha gari, na ya mwisho ilibadilishwa siku turbo ilipofungwa, kwenye gereji yao wenyewe. Wanasema nimekanyaga sana. Mtu aliyeuziwa farasi 450 na akatumia chini ya 300 amekanyaga nini kupita kiasi? Wanasema pia kwamba risiti inaonyesha niliagiza turbo hiyo kwa jina na namba yake. Hapo wanajua wanachokifanya. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 16, inasema kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, kwa namna inayoonyesha kuwa anategemea ujuzi wa muuzaji huyo, basi bidhaa lazima iifae kazi hiyo. Lakini kinga hiyo huondoka iwapo bidhaa mahususi imeuzwa kwa jina lake la biashara. Jina na namba viliandikwa na kijana wao, baada ya yeye kunichagulia. Bahati yangu ni kwamba mazungumzo yalianzia kwenye simu, na ujumbe wangu wa kwanza, unaotaja Nakuru, Mau Summit, magurudumu ya mbele na farasi 300, bado upo pamoja na saa na tarehe yake. Wenzangu, andikeni mahitaji yenu kabla ya kulipa, tena kwa ujumbe unaobaki.

Ninachodai ni shilingi 242,000, yaani bei ya turbo, kazi ya kuifunga na gharama ya kuvutwa. Nimewaomba pia mchoro wa kompresa wa turbo waliyoniuzia, na hadi leo hawajauleta. Ninaamini hawana, na kama hawana, basi walikuwa wakikisia kwa pesa zangu. Ijumaa ikipita bila jibu nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na ambako ninaweza kujieleza bila wakili.

Kwa aliyewahi kufunga IS38 au turbo ya ukubwa wa karibu nayo kwenye gari la magurudumu ya mbele, na akaliendesha kati ya Nakuru na Kisumu kwa zaidi ya mwaka mmoja, ninaomba aweke hapa kumbukumbu zake: presha aliyoidai, joto la hewa baada ya intakula akiwa Mau Summit, na mizunguko ambayo turbo huamka. Picha za injini iliyosafishwa zinaweza kungoja. Turbo yangu iliyokufa sitaiacha dukani kwa ajili ya uchunguzi wao, kama walivyopendekeza jana. Imefungwa ndani ya boksi lake, na fundi aliyeifungua amekubali kuja kueleza alichokiona.