Kromu ama nyeusi tupu? Chombo chalala Likoni na chumvi yaanza kukila

mtoto_wa_mtongwe
Asalam aleikum wadau, naomba ushauri wa wenye uzoefu. Niko na pikipiki, Royal Enfield 350 niliyonunua mkononi, mwenyewe wa kwanza alipenda kromu mpaka basi, egzosi kromu, madgadi zote mbili kromu, vioo, gadi za pembeni, kila kitu chang'aa. Nalala Likoni na kazi iko mjini kwa hivo asubuhi na jioni niko feri, na ule upepo wa bahari mnaujua. Sasa madgadi ya nyuma imetoa vidoti vya kutu kwa chini na egzosi pale inapotokea kwa injini imegeuka rangi, kama buluu hivi na manjano. Kuna fundi mtaani aniambia nimuachie wikendi tu apige sprei nyeusi kila mahali, injini, egzosi, shoki za mbele, rimu, kusionekane silva hata kidogo. Na kusema kweli nyeusi mati, ile isiyong'aa, naipenda sana, zile Harley Iron 883 zilizoanza 2009, injini nyeusi rimu nyeusi tangu kiwandani, nikiziona roho yataka. Swali langu, hapa pwani kipi chadumu, kromu ama nyeusi? Na huyo fundi nimpe ama nisimpe?

ami_wa_majengo
Waaleikum salam mdogo wangu. Usimpe, ngoja kwanza nikueleze.

Kromu yenyewe haishiki kutu. Unayoona nyekundu ni chuma cha chini kinatoka. Madgadi huchovywa nikeli kwanza, saa zingine na shaba chini yake, halafu kromu juu, na hio kromu ya urembo ni nyembamba sana, haifiki hata mikroni moja, na ina vitundu na nyufa usizoziona kwa macho. Kazi ya kuzuia kutu hasa yafanywa na nikeli. Sasa chumvi ya bahari ikikaa pale pamoja na unyevu yaingia kwa vile vitundu, yatoboa nikeli, ikifika kwa chuma basi. Ndio manake kromu mbili zang'aa sawa dukani lakini moja yaisha upesi na nyengine yazeeka nawe, tofauti ni unene wa nikeli.

Sasa mtu akija na kopo la sprei apake nyeusi juu ya kile kidoti cha kutu, kutu iko pale pale chini yaendelea kula, na rangi haishiki kwa kromu manake kromu yateleza sana, itabanduka maganda maganda. Kama wataka nyeusi ya kukaa lazima kromu itolewe ama ipigwe msasa mpaka mng'ao upotee wote, kutu iondolewe hadi chuma safi, praima, ndio rangi. Hio si kazi ya wikendi.

kisauni_kwa_kisauni
Ami asema kweli. Mimi naongeza hapo kwa shoki, hapo kaka nakuomba sana. Ile mirija ya mbele inayoingia na kutoka, ile inayong'aa, ni kromu ngumu, sio ya urembo, ndio inayoteleza kwa oili sili, ile raba inayozuia oili isitoke. Ukipaka rangi pale kila ukipanda bampu sili yakwangua ile rangi, sili yakatika, oili yamwagika, na ikishuka mpaka kwa breki ya mbele umeingia hatarini. Hapo hapapakwi sprei. Zile za nyeusi kutoka kiwandani zafanywa kwa mipako mingine kabisa. Wapenda zionekane nyeusi vika vile vifuniko vya mpira, na hivo vyazuia mchanga pia.

Egzosi nayo, rangi ya kawaida itaungua na kunuka. Yatakiwa ile ya joto, ya kustahimili nyuzi 600 hivi, na yakomazwa kwa kupashwa moto kidogo kidogo kama ilivoandikwa kwa kopo. Pauda koti, ile rangi ya unga, ni nzuri mno kwa rimu na gadi lakini huokwa kwa kama nyuzi 200, usiipeleke kwa egzosi pale karibu na injini, haitahimili. Na ukipeleka rimu hakikisha bearing na sili zimetolewa kwanza.

mwana_wa_kuze
Jamani mbona mwaizika kromu mapema hivi? Mimi niko Mji wa Kale, bahari iko hapo, na kromu yangu iko safi wallahi. Siri ni maji. Watu wengi waosha pikipiki na maji ya kisima, na visima vingi vyetu hapa ni vya chumvi, kwa hivo umetoa chumvi ya feri umeweka ya kisima! Nunua jerikeni moja ya maji matamu, mwagia chini ya madgadi na ndani ya spoku ukirudi, pangusa ikauke, nta ya gari mara kwa mara. Na usiifunike turubai ikiwa mbichi, unyevu wabaki mle ndani usiku kucha. Vile vidoti vidogo chukua foil ya jikoni, ikunje, ichovye maji, sugua taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu haikwaruzi, na kutu yatoka. Ila palipokwisha kutoboka hapatarudi, hapo nta tu kupunguza kasi.

Na nyeusi mati jua letu laifanya kijivu, na huwezi kuipiga polishi, ukiipiga yatoa mabaka yanayong'aa. Jiwe likirukia ikabanduka, kutu yaanzia hapo hapo.

mtoto_wa_mtongwe
Shukran sana wote. Ami, na ile buluu ya egzosi je? Na nikitaka kuchovya kromu upya?

ami_wa_majengo
Buluu ni joto tu, haina shida na chuma, ila mwambie fundi aangalie kabureta, mchanganyiko ukiwa na petroli kidogo sana injini yachemka zaidi na buluu yazidi. Kuchovya upya ni kazi ya kiwanda chenye matangi ya asidi, na ile kromu ya heksavalenti ni sumu inayoleta saratani, mtu akikwambia afanya uani kwake ondoka.

Ningekuwa mimi, madgadi ya nyuma, gadi na rimu nyeusi pauda koti, na mwambie ya kung'aa, sio mati, yasafishika upesi. Egzosi na vioo acha kromu uvitunze na maji matamu. Injini kama lazima, koti jembamba la rangi ya joto, usijaze zile mbavu za kupoza injini. Tangi usiiguse kwanza, rangi ya chombo imeandikwa kwa logbuk, ukiibadilisha wapaswa kwenda kuirekebisha NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Na kwa kuwa chombo kitakuwa cheusi, weka reflekta nyuma na ubavuni, huku Mtongwe usiku taa za barabarani ni za kutafuta.