Saini ya mfalme kwa anayeanza: Louis XIV, Felipe II au Elizabeth I?

Kalamu_Bata: Wakuu, salaam. Nimekusanya barua za zamani kwa muda, sasa nataka hati yangu ya kwanza yenye saini ya mfalme wa Ulaya. Nimeonyeshwa za Louis XIV wa Ufaransa na Felipe II wa Hispania. Ya Louis ni nafuu zaidi. Au nijibane mpaka nimpate Elizabeth I wa Uingereza?

Mzee_Lakiri: Mkuu, kabla ya bei uliza kalamu aliishika nani. Louis XIV alikuwa na makatibu walioruhusiwa kuandika "Louis" kwa kuiga mkono wake. Toussaint Rose aliifanya kazi hiyo miaka mingi, hadi alipofariki 1701. Haukuwa ughushi, ofisi ya mfalme ilikwenda hivyo, ila ndiyo sababu mojawapo ya hati hizo kuuzwa rahisi. Felipe II alikuwa mtu wa mafaili hasa: anasoma mwenyewe, anaandika maoni pembezoni kwa mwandiko wa kukuumiza macho, kisha anasaini "Yo el Rey" (Kihispania, "Mimi Mfalme") bila kutaja jina. Ukipata barua yenye mistari yake pembeni, usiiachie.

Binti_Ngome: Naunga mkono Felipe. Na sisi wa pwani anatuhusu: Ngome ya Yesu pale Mombasa ilianza kujengwa 1593 akiwa pia mfalme wa Ureno. Ila Louis msimtupe kabisa. Tazama saini ya pili, ya waziri. Hati aliyoisaini Colbert au Louvois, mawaziri wake wakubwa, ina thamani yake hata kama "Louis" ni ya katibu.

Karani_wa_Zamani: Elizabeth ni mzuri kupita wote, nasema wazi. Saini yake hukaa juu ya ukurasa, kubwa, yenye mikia na vitanzi. Lakini kwa bei zake, si pa kuanzia. Na asije mtu akakushawishi uhamie kwa baba yake, Henry VIII, bila kukagua. Kuanzia 1545, alipokuwa mgonjwa, walitumia muhuri mkavu: unakandamizwa, unaacha alama ya saini yake isiyo na wino, kisha karani anapitisha wino juu ya ile alama. Wasia wake wa Desemba 1546 ulisainiwa hivyo. Imulike karatasi kwa ubavu, utauona mfinyo.

Shamsa_M: Jamani, makaratasi! Uingereza hati yenye zaidi ya miaka 50 haitoki bila kibali. Ufaransa, kilichotoka kwenye nyaraka za serikali ni cha serikali daima, hata kimepita mikono mingapi. Dai historia ya umiliki kwa maandishi. Mwanahisabati Michel Chasles aliuziwa maelfu ya barua bandia na Vrain-Lucas, zikiwemo za Cleopatra kwa Kifaransa! Muuzaji alifungwa 1870, lakini pesa zilikuwa zimeshakwenda.

Mzee_Lakiri: Shamsa kasema kweli tupu. Nyongeza: wino wa enzi hizo ulitengenezwa kwa vinundu vya mwaloni na chumvi ya chuma, nao hula karatasi. Iinue kwenye mwanga. Palipokolea wino patakuwa na nyufa au matundu. Unyevu wa pwani unaharakisha. Na tafadhali sana, usiipige leminesheni.

Kalamu_Bata: Ahsanteni sana. Louis naweka pembeni. Nimeshamwomba muuzaji wa ile ya Felipe picha ya nyuma ya karatasi, picha ya pembezoni, na majina ya waliowahi kuimiliki. Asipotoa, sinunui.