Nimeandikiwa barua ya kujieleza kwa kumtibu majeruhi asiye na PF3 wala pesa. Niombe radhi?

Sista_wa_Zamu

Habari zenu ndugu. Naomba ushauri wa haraka, maana natakiwa kujibu keshokutwa asubuhi.

Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wa tisa kazini. Niko kituo cha afya cha binafsi kando ya barabara kuu, mkoa sitautaja. Utaratibu wetu umebandikwa pale mapokezi: majeruhi wa ajali, ugomvi au risasi hapokelewi bila PF3, ile fomu ya polisi, na wa kulazwa anatanguliza laki moja. Niliusaini siku naajiriwa.

Wiki iliyopita, saa saba usiku na dakika kumi, mlinzi wetu alinigongea dirisha la chumba cha sindano. "Sista, njoo uone mwenyewe." Bodaboda wawili walikuwa wamemleta mwenzao mishikaki, wamembana katikati asianguke. Kijana wa miaka ishirini na kitu. Paja la kulia limevunjika, mfupa unaonekana, wamemfunga khanga ambayo ilishaloa hadi damu inadondokea kandambili. Presha 70 kwa 40, mapigo 138. Na alikuwa anapiga miayo. Aliyewahi kukaa na mtu anayeishiwa damu anaijua miayo ile, haina uhusiano na usingizi.

Polisi ni kilomita nane. Daktari wa zamu nilimpigia mara tatu, hakupokea. Msimamizi alipokea, akasema, "Utaratibu unaujua, waambie wawahi wilayani." Wilayani ni dakika arobaini kwa gari, na wao wana pikipiki.

Nikamwambia mzee wetu wa getini afungue. Nilikandamiza jeraha kwa gozi, nikaweka kanula mbili, dripu zikaenda kasi, mguu tukaufunga kwa vipande vya mbao na bandeji. Mzee ndiye aliyeushika. Simu ya yule kijana ikaita mfukoni mwake mara nne, nami sikuweza kuipokea kwa mikono iliyojaa damu. Presha ilipofika 90 kwa 60 wenzake walikuwa wameshapata gari, Noah. Wakaondoka naye, mmoja kashikilia dripu juu. Nimesikia kafanyiwa upasuaji na yuko hai.

Barua niliyopewa inasema "kukaidi agizo halali la msimamizi na kutumia mali ya mwajiri bila idhini". Vifaa ni 46,000, watanikata, hilo silalamiki. Nimeambiwa pembeni kwamba nikiomba radhi na kuandika "sitarudia" yataisha. Mzee naye kasimamishwa. Ana zaidi ya miaka sitini na ndiye anayewalea wajukuu zake.

Nina watoto wawili, mmoja yuko darasa la saba. Kazi naihitaji. Lakini neno "sitarudia" kila nikitaka kuliandika mkono unagoma. Nifanyeje?

Mwanasheria_Mtaani

Pole sana dada. Kwanza usisaini chochote cha pembeni. Barua ya kujieleza inajibiwa kwa maandishi, unabaki na nakala.

Pili, wakikuita kwenye kikao cha nidhamu, kanuni za utendaji bora za 2007 zilizo chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini namba 6 ya 2004 zinakupa muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na haki ya kwenda na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako. Wakikuachisha kazi, una siku 30 tu za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Watu wengi wana hoja nzuri, wanapotezea kwenye hizo siku 30. Mzee wako wa getini naye ana haki hiyo hiyo.

Sasa hoja yako ni ipi? Wao wameandika "agizo halali". Bishania hapo. Ibara ya 14 ya Katiba yetu ya Tanzania inasema kila mtu ana haki ya kuishi na kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake. Na kuhusu PF3, viongozi wa serikali wameshalisema hadharani zaidi ya mara moja: mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza, fomu ifuate. Fomu ile ni ya kusaidia upelelezi na ushahidi. Haikutungwa iwe geti.

Mhasibu_H

Naomba nisikilizwe bila kushambuliwa. Nafanya hesabu za hospitali binafsi. Tunatibu watu usiku, asubuhi kitanda kitupu. Dawa tunanunua kwa fedha taslimu, malipo ya bima yanachelewa, na mishahara ya akina sista inatoka kwenye kapu hilo hilo. Kituo kidogo kikitoa bure kila wiki kitafungwa, na barabara nzima itakosa hata hiyo dripu. Kwa hiyo kanuni ya kutanguliza pesa ina sababu yake, tusiwaite wenye vituo wauaji.

Lakini kanuni inayomlazimu muuguzi kuchagua peke yake saa saba usiku ni kanuni mbovu. Sisi tulishaumia kwa jambo kama hili, ndipo tukatenga fungu dogo la dharura kila mwezi. Wa zamu anaruhusiwa kutuliza hali ya mgonjwa bila kumuuliza mtu, kisha anaandika fomu ya ukurasa mmoja. Halijawahi kuisha kabla ya mwezi. Dada, lipendekeze hilo kwenye barua yako. Mwenye kituo akiona umefikiria na mfuko wake, atakusikiliza tofauti.

Boda_wa_Stendi

Mimi ni bodaboda, haya ya sheria siyajui. Najua kwamba ajali ikitokea tunajadiliana pale pale: tumpeleke hospitali au polisi kwanza? Mtu anavuja damu, sisi tunajadili. Kuna mwenzetu tulianza naye polisi kufuata fomu. Fomu tuliipata. Sista, Mungu akulinde wewe na huyo mzee.

Msomaji_Nairobi

Kwetu Kenya jambo hili limeandikwa wazi. Katiba ya 2010, ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, ikaongeza meno: kituo chenye uwezo kikikataa, faini yake inaweza kufika shilingi milioni tatu.

Ila nikuambie ukweli. Mwaka 2015, miaka mitano baada ya Katiba hiyo, mtu aliyegongwa na gari Nairobi alikaa kwenye ambulensi saa 18. Huku walitaka amana, kule hakuna kitanda cha wagonjwa mahututi. Akafa. Katiba ilikuwapo usiku wote ule. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusema "mshusheni".

Bibi_Muuguzi

Mwanangu, nimestaafu baada ya miaka thelathini na mitatu wodini. Nakuuliza swali moja: uliandika? Saa aliyofika, presha ya kwanza na ya mwisho, dripu ngapi, saa ulizopiga simu na nani alipokea. Kama hukuandika, kaa chini leo hii uandike kila unachokumbuka, utie tarehe ya leo, usijifanye uliandika usiku ule. Na ile orodha ya simu ulizopiga usiifute.

Paja likivunjika mtu anaweza kumwaga lita moja na nusu ya damu, na mwili mzima una kama tano. Liweke hilo kwenye barua, maana wanaoisoma wengine ni watu wa ofisini. Na ukumbuke leseni ina jina lako, haina la mwenye kituo. Angefia getini, Baraza la Uuguzi na Ukunga lingekuita wewe.

Sasa nakuambia langu. Mwaka 1994 nilikuwa zamu, akaletwa mama mimba imetunga nje ya kizazi. Utaratibu wetu ulitaka mume asaini ndipo aingie chumba cha upasuaji. Nikatii. Tukatuma mtu kumtafuta mume. Alifika alfajiri, na kitenge alichokuja nacho kikawa cha kumfunikia. Hakuna aliyeniandikia barua ya kujieleza. Nilisifiwa kwa kufuata taratibu. Miaka yote hii natamani ningekuwa na barua kama yako. Usiandike "sitarudia".

Sista_wa_Zamu

Nimesoma yote, Bibi nimelia. Nimeshaandika. Nimeomba radhi kwa kutumia vifaa bila idhini ya maandishi na nimekubali kukatwa. Nimeeleza hali ya mgonjwa kwa namba na simu nilizopiga kwa saa zake. Nimeomba kituo kiwe na fungu la dharura, asante Mhasibu. Mwisho nimeandika: "Akiletwa tena mgonjwa katika hali ile, nitamtuliza kwanza, kisha nitatoa taarifa." Na kwamba mlinzi alifungua geti kwa agizo langu, lawama ni yangu.

Shida moja. Nimempigia mzee kumsomea, akaniambia yeye ameshapeleka yake jana. Kaandikiwa na mjukuu. Amesema alifungua geti mwenyewe kabla hajaniita, mimi nilikuta mgonjwa yumo ndani. Anataka nisifukuzwe, ana hakika kuwa yeye umri umeshakwenda.

Mwanasheria_Mtaani

Dada, barua mbili zinazopingana zitawamaliza wote. Nenda kwake leo, umshukuru, kisha aandike nyingine ya kusahihisha kwa kusema ilivyokuwa: uliagiza, akafungua, akashika mguu. Hakuna aibu hata moja humo. Kesho nendeni pamoja, kila mtu na barua yake, na msitoke hapo mapokezi kabla nakala zenu hazijagongwa mhuri wa kupokelewa.