Nichukue kazi ya utafutaji madini au nikasome uzamili wa jiolojia ya uhandisi?

MtafutaTabaka
Wakuu, habari za humu. Namalizia shahada ya kwanza ya jiolojia. Nimepata nafasi mbili na zote zinataka jibu kabla mwezi haujaisha. Ya kwanza ni ajira kwenye mradi wa utafutaji madini, kuandika kumbukumbu za choronge, yaani zile nguzo za mwamba zinazotolewa na mtambo wa kuchimba mashimo. Ya pili ni nafasi ya uzamili, jiolojia ya uhandisi, ile ya kukagua mwamba wa kujengea mabwawa na mahandaki. Kuna jamaa yangu ananiambia niachane na zote nikasomee maji chini ya ardhi. Ipi ni bora? Natanguliza shukrani.

Nyundo_Kiunoni
Kamata kazi, mkuu. Masomo yatakusubiri. Darasani unaonyeshwa sampuli safi aliyoichagua mwalimu. Kwenye choronge unakutana na mwamba ulivyo: umevunjika, umeoza, umebadilishwa rangi na maji ya moto yaliyopita humo zamani, na wewe ndiye wa kusema ni mwamba gani na umepatwa na nini. Ukishapitia mita za kutosha, jicho linakuwa jingine kabisa.

Dada_Mteremko
Mdogo wangu, umetuuliza swali na mambo yote ya msingi umeyaacha nyuma. Uzamili una ufadhili au unajilipia? Ajira ni ya kudumu au ni ya msimu wa uchorongaji? Nani atakusimamia, ana usajili wa taaluma? Uliwahi kuchora ramani ya miamba uwandani kwa miguu yako mwenyewe? Hesabu zako zikoje? Bila haya kila mtu humu atakusifia njia aliyopita yeye.

Bomba_la_Kisima
Naungana na jamaa yako. Maji. Bei ya madini ikishuka, miradi ya utafutaji ndiyo ya kwanza kufungwa, lakini watu hawaachi kunywa. Na kazi yenyewe inatumia akili yote ya jiolojia: unasoma ramani, unapima ukinzani wa umeme wa ardhi, unachagua pa kuchimba, kisha unapima kisima kwa pampu. Unapiga pampu kwa kiwango kisichobadilika, unaandika jinsi kina cha maji kinavyoshuka, unazima, unaandika kinavyopanda. Kutoka kwenye mchoro huo unajua mwamba unapitisha maji kiasi gani. Hesabu ya Theis ya mwaka 1935, ya jinsi maji yanavyoshuka kisima kikipigwa pampu, inatumika mpaka leo.

Jicho_la_Lenzi
Ngoja nieleze yaliyonikuta, kwa sababu swali la Dada_Mteremko kuhusu msimamizi ndilo lenye uzito kuliko yote.

Ajira yangu ya kwanza ilikuwa hiyohiyo ya choronge. Utaratibu unaotakiwa uko hivi: choronge inaoshwa, inapangwa kwenye masanduku kwa mfuatano wa kina, inapigwa picha, inaandikwa, kisha inakatwa kwa msumeno katikati kwa urefu wake. Nusu inakwenda maabara, nusu inabaki sandukuni ili yeyote mwenye shaka aje aangalie. Mstari wa kukatia anauchora mwanajiolojia, mshipa wa madini ugawanyike sawasawa pande zote mbili.

Pale nilikuta wakataji wameambiwa wapeleke maabara upande unaong'aa. Mshipa wa kwatzi wenye chembe za dhahabu ukilalia upande mmoja, upande huo ndio unaoingia kwenye mfuko wa sampuli, kila mara. Nikauliza, nikaambiwa mimi mgeni, nitajifunza. Sampuli za udhibiti nazo hazikuwekwa: ile tupu isiyo na dhahabu kabisa, ile ambayo kiwango chake kinajulikana, na ile ya kurudia. Ukiziondoa hizo, maabara ikikosea au sampuli zikichafuana hakuna atakayegundua. Kisha wakanitaka nisaini fomu za mashimo ambayo sikuyaona yakikatwa. Nikakataa. Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa.

Baadaye aliletwa mtu wa nje, akapima nusu zilizobaki kwenye masanduku, na viwango vikashuka vibaya. Wenzangu waliosaini walihangaika sana kupata kazi nyingine, kwa maana majina yao yalikuwa kwenye kila karatasi. Walikuwa vijana wazuri, wachapakazi. Hawakuwa na mtu juu yao wa kuwaambia hapana.

Kwa hiyo MtafutaTabaka, usiulize kazi au shule. Uliza: nani atakagua ninachoandika?

Nyundo_Kiunoni
@Jicho_la_Lenzi pole sana, hilo ni baya kweli. Ila usihukumu fani nzima kwa kambi moja. Baada ya kashfa ya Bre-X, kampuni ya Canada ya kutafuta dhahabu, ya mwaka 1997 mambo yalikazwa. Busang, Indonesia, dhahabu ilikuwa inatiwa kwenye sampuli, na choronge ilikuwa inasagwa karibu yote bila kubakizwa nusu, ndiyo maana hapakuwa na cha kurudia kupima. Canada ikatoka na kanuni zake za kuripoti madini, NI 43-101, mwaka 2001. Australia walikuwa na kanuni zao za namna hiyo, JORC, tangu 1989. Leo ripoti ya rasilimali ya madini kwenye masoko hayo lazima isimamiwe na mtu mwenye jina na sifa. Kwa JORC ni uzoefu usiopungua miaka 5 kwenye aina hiyo ya mashapo na aina hiyo ya kazi, pamoja na uanachama wa chama cha taaluma kinachoweza kumwajibisha. Miaka hiyo huipati darasani.

Jicho_la_Lenzi
Kanuni zipo, nakubali. Lakini kanuni haikai bandani saa ya kukata. Mtu ndiye anakaa.

MtafutaTabaka
Samahani kwa kuchelewa. Ajira ni ya mkataba, wamesema inaweza kuongezwa. Ramani nimechora uwandani, nilikuwa na dira na lenzi, nikapima mwelekeo na mwinamo wa tabaka. Hesabu ni za wastani. Programu za kompyuta naziweza vizuri sana, hasa QGIS ya kuchora ramani, na lugha ya Python kidogo.

Dada_Mteremko
Ufadhili? Msimamizi? Hayo mawili umeyaruka.

Mchora_Kontua
QGIS na Python ni mtaji mkubwa, usiuache ulale. Mimi ningekwambia hata usichague kati ya hizo mbili, ingia kwenye modeli za kompyuta moja kwa moja. Data ya mashimo, picha za satelaiti, vipimo vya sumaku, vyote vinakutana kwenye modeli, na anayeijenga ndiye anayesikilizwa kwenye kikao.

Nyundo_Kiunoni
Hapo sikubaliani hata kidogo. Modeli inajaza nafasi kati ya shimo na shimo kwa hesabu. Ukiwa na ufa katikati uliosogeza tabaka na hakuna aliyeuona uwandani, kompyuta itakuunganishia tabaka mbili zisizohusiana na rangi zitapendeza. Kwanza miguu, kisha kompyuta.

Mchora_Kontua
Hakuna aliyesema aache uwanda. Nimesema asiache kompyuta. Wanajiolojia wengi wa zamani wanadharau data halafu wanashangaa kazi zao hazitumiki.

Bomba_la_Kisima
Nyie mnagombana na kijana kaomba ushauri.

Dada_Mteremko
Nami niseme la kwangu sasa, maana jiolojia ya uhandisi imetajwa kwenye swali na hakuna aliyeigusa.

Hii ndiyo fani ambayo ukinyamaza watu wanakufa. Tarehe 9 Oktoba 1963, kule Vajont, Italia, zaidi ya mita za ujazo milioni 260 za mlima ziliporomoka ndani ya bwawa kwa mpigo mmoja. Ukuta wa bwawa ulibaki umesimama, maji yakaruka juu yake, karibu watu 2,000 wakafa bondeni. Zege halikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa tabaka nyembamba za udongo wa mfinyanzi ndani ya mawe ya chokaa, na mlima ulikuwa unasogea na unapimwa ukisogea. Miaka minne kabla, Desemba 1959, ukuta wa Malpasset nchini Ufaransa ulivunjika kwa sababu ya mwamba uliokuwa chini yake, na zaidi ya watu 400 wakafa. Huwa nawatajia vijana mabwawa haya mawili kabla ya kuwafundisha fomula yoyote.

Ujuzi wenyewe unaanzia kwenye choronge ileile anayoisifia Nyundo, ila tunaisoma kwa jicho tofauti. Tunatafuta namna ilivyokatika. Chukua mita 3 zilizotoka kwa mkupuo mmoja: unajumlisha vipande vizima vyenye urefu wa sentimita 10 au zaidi, unagawa kwa urefu wote wa mkupuo. Vikifika mita 2.1, RQD yako, yaani kipimo cha uzima wa mwamba, ni asilimia 70, mwamba wa wastani. Lakini kabla ya kupima lazima uamue kila mkatiko ni wa asili au ni wa mtambo na watu walioupakia sandukuni. Mkatiko wa asili mara nyingi una kutu, uso laini, udongo, au mng'ao wa msuguano. Ule wa mtambo ni mbichi, mkali, na vipande vinarudiana vizuri ukivishikanisha. Ukikosa kuvitofautisha, unamwambia mhandisi mwamba ni mbovu kumbe ni mzima, au kinyume chake, na handaki linasanifiwa kwa namba yako.

Hii haifundishwi kwa picha. Kwa hiyo kama uzamili huo hauna kazi ya uwandani wala maabara ya miamba, mdogo wangu, ni bora ukae kwenye choronge.

MtafutaTabaka
Asante sana dada. Ufadhili ni wa ada tu, kujikimu ni juu yangu. Kuhusu msimamizi kazini, sijui. Waliniambia nitafanya kazi kwa kujitegemea na wakalisema kama sifa njema ya kazi.

Jicho_la_Lenzi
Hilo ndilo ninalolihofia. Mhitimu mpya hajitegemei. Waandikie leo, waulize jina la mwanajiolojia mwandamizi atakayekuwa kambini na kama utaratibu wa sampuli umeandikwa. Jibu lao litakuonyesha walivyo.

Jiwe_Gumu
Nimepita tu, naongeza kuhusu sifa. Angalia usajili wa taaluma unadai nini huko unakotaka kufanya kazi. Uingereza cheo cha Chartered Geologist kinatolewa na Geological Society ya London, ile iliyoanzishwa 1807, na unatakiwa uonyeshe uzoefu unaosimamiwa. Marekani majimbo mengi yana leseni, na kuna mitihani miwili, wa misingi na wa utendaji. Kote shahada peke yake haitoshi. Andika daftari la kazi zako tangu siku ya kwanza: ulifanya nini, chini ya nani.

Bomba_la_Kisima
Na ukija kwenye maji usajili nao unahitajika, tena kwa haki. Bangladesh visima vingi vilichimbwa ili watu waache maji ya juu yenye vijidudu, kumbe sumu ya aseniki iko kwenye mashapo yenyewe. Maji yalikuwa masafi kwa macho. Mwanajiolojia anayejua kemia ya mashapo anaokoa watu wengi kuliko mtambo wa kuchimba.

Mchora_Kontua
Basi tuseme kemia pia ni muhimu. Sasa kijana asome kila kitu?

Bomba_la_Kisima
Asome kile ambacho fani yake itamdai. Mimi namtetea mnywaji.

MtafutaTabaka
Nimewaandikia kuhusu msimamizi na utaratibu wa sampuli, nasubiri. Wa chuo nao nimewauliza kuhusu uwanda. Wakati nasubiri, swali la pembeni: kwenye zoezi la mwisho nilidondoshea jiwe asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, halikutoa povu, nikaandika si la kaboneti. Mwalimu kaweka alama ya kuuliza. Kwa nini?

Nyundo_Kiunoni
Huenda ni dolomaiti, nayo ni kaboneti. Kalsaiti inatoa povu papo hapo, dolomaiti ikiwa baridi na nzima inaweza isionyeshe kitu. Likwaruze kwa kisu upate unga, dondoshea kwenye unga, angalia kwa lenzi.

Jiwe_Gumu
Na uvae miwani. Ukishaangalia, lisuuze jiwe kwa maji kabla hujalirudisha kwenye mfuko wa sampuli, asidi inakula lebo.