Muziki wa katikati ya vipindi redio ya umma: ala za nyumbani au kinanda kisicho na kwao?

Mwana wa Iganga

Ndugu zangu, naweka hoja mezani, mwenye la kusema aseme. Sizungumzii nyimbo za salamu wala za kuombwa na wasikilizaji. Nazungumzia vile vipande vya nusu dakika: mtangazaji kamaliza bei ya kahawa, mgeni wa kipindi cha afya hajakaa sawa, basi kinawekwa kitu tusubiri. Mara nyingi ni kinanda cha kompyuta ambacho hata ukiulizwa kinatoka nchi gani huwezi kujibu. Mimi nasema redio inayoendeshwa kwa kodi yetu ijaze muda huo kwa ala za Uganda tu, bila maneno.

Vituo vya binafsi sivilaumu. Tangu FM za kwanza zianze mwaka 1993, vinapiga kinachouza, ni haki yao. Lakini Radio Uganda na televisheni ya taifa zilipounganishwa kisheria mwaka 2005 kuwa UBC, shirika la utangazaji la taifa, hatukuambiwa tunafungua duka jingine.

Tazameni bigwala ya kwetu Busoga. Ni tarumbeta za vibuyu, watano au zaidi kwa pamoja, na kila mpigaji ana sauti moja tu. Anasubiri zamu, anapuliza, ananyamaza. Wimbo unapatikana kwa wote. Mwaka 2012 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, na mafundi wazee waliobaki walitajwa kuwa wanne. Wanne, jamani! Sababu mojawapo ni kwamba ilikuwa ngoma ya kutawaza mfalme na kumzika. Sasa wafalme hawatawazwi kila Jumatatu, lakini redio ina mapengo kila siku.

Kuna na jambo la muziki wenyewe. Amadinda, yale marimba ya Buganda yenye mbao 12, hupigwa na watu watatu. Wa kwanza anapiga, wa pili anaingiza zake katikati ya mapigo ya mwenzake, wa tatu anagonga mbao mbili tu za mwisho. Wimbo unazunguka. Unaweza kuuingilia popote na kuufifisha popote, msikilizaji asihisi amenyang'anywa kitu mdomoni. Wimbo wa ubeti na kiitikio hukatwa palepale unapoanza kunoga.

Fundi Mitambo, Ntinda

Hoja tamu, ila aliyeileta hajawahi kukaa nyuma ya mitambo saa kumi na moja alfajiri. Mimi nimekaa, kituo sikitaji.

Kile kinanda usichokipenda kipo kwa sababu kimenunuliwa mara moja. Unakipiga mpaka uzeeke, hakuna anayekuja na ankara. Chini ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, mpigaji ana haki zake katika rekodi yake, hata kama wimbo wenyewe ni wa babu wa babu. Hao mafundi wa bigwala mtawalipa au mtawapigia makofi? Nauliza kwa nia njema, kwa sababu nimeona wazee wakiletwa studio, wakarekodiwa mchana kutwa, wakapewa soda na nauli.

Usiniambie rekodi tayari zipo. Zipo. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, alizunguka nchi hii kati ya 1949 na 1952 akirekodi, na hifadhi yenye jina lake iko Makerere. Lakini aliyezirekodi alikuwa anatafiti, hakuwa na habari ya pengo langu la sekunde ishirini.

Pia msisahau mnasikilizia nini. Ngoma kubwa ikipita kwenye redio ndogo ya betri inageuka mtu anayegonga mlango. Sauti nzito zote zinamezwa. Kinachopita vizuri ni mbao za marimba, kwa sababu pigo lake ni kavu, na zeze la endingidi, ambalo sauti yake iko karibu na ya binadamu. Ndiyo maana hilo zeze silitaki chini ya mtangazaji anayesoma: linagombana naye. Nipe amadinda nitaipiga kesho. Bigwala ingerekodiwa upya kwanza, na mwenye kibuyu alipwe.

Nyar Nebbi

Nilijua tu tungefika Buganda na Busoga, tukapiga kambi hapo hapo. Katiba imeorodhesha jamii 65. Redio hiyo hiyo inatangaza kwa lugha zaidi ya 20. Mkiweka amadinda kila baada ya habari, mama yangu huku West Nile atajua mara moja taarifa imetoka kwa nani, hata kabla ya neno la kwanza. Angalau kinanda cha kompyuta hakina kabila, kinamchosha kila mtu sawasawa.

Nikilazimishwa kuchagua, nachagua adungu. Ni kinubi chetu Waalur, lakini Waacholi wanacho, Teso wanacho, na kanisani kinapigwa kikubwa kwa kidogo karibu nchi nzima. Kimetembea chenyewe bila amri ya mtu. (Najua mtasema tutadhani misa imeanza.)

Boda wa Malaba

Misa imeanza! 😂 Dada, hapo umejimaliza mwenyewe.

Ila wenzetu wa Tanzania walifanyaje? Ngoma za taarifa ya habari za RTD, ile Radio Tanzania Dar es Salaam, alizipiga Mzee Morris Nyunyusa, kipofu, mtu mmoja mbele ya ngoma chungu nzima. Mimi niko mpakani, nimekuta wazee wanazijua kwa mdomo. Sijasikia mtu akiuliza Mzee Morris ni kabila gani.

Nyar Nebbi

Tanzania ni Tanzania, kaka. Huku kwetu mwaka 1966 jeshi la serikali liliingia Lubiri, ikulu ya Kabaka wa Buganda, na zile ngoma za ikulu, entenga, zikanyamaza. Nchi iliyowahi kunyamazisha ngoma kwa bunduki haiwezi kujifanya ngoma haina siasa.

Mzee wa Bombo

Asalaam aleikum. Wanangu, mnasema vipande vya katikati kama vile ni mapambo. Tarehe 25 Januari 1971 tulikaa na redio ya marehemu baba. Hakuna kipindi, ni bendi ya jeshi tu, inapigwa na kupigwa. Alasiri ndipo askari akasoma zile sababu 18 za kupindua serikali, na Amin akawa mkubwa. Baba hakungoja sababu. Alifunga duka aliposikia bendi. Toka siku hiyo nikisikia muziki umebadilika ghafla bila mtu kusema kitu, nasimama.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Pigeni chochote, cha Mganda au cha Mualur, lakini kiwe kile kile kwa saa yake. Asubuhi hiki, jioni kile. Mtu ajue.

Na matangazo ya vifo. Juzi kituo kimoja, si cha serikali, wamesoma jina la mtu tunayemfahamu, mazishi saa kumi, kisha papo hapo ikaingia ngoma ya kukata viuno. Mke wangu alizima redio.

Mwana wa Iganga

Mzee wetu, heshima yako. Hilo la kila saa na mlio wake sikulifikiria, na linamjibu dada wa Nebbi pia: adungu asubuhi, amadinda saa za mchana, na bigwala jioni, wenyewe wakisharekodiwa na kulipwa kama Fundi alivyosema. Jamii 65 hazitaenea kwenye siku moja, hilo nakubali, na sitaki kudanganya kwamba nina hesabu yake. Bado nakataa kinanda cha kununua.

Kuhusu vifo, mimi ningeacha kimya kitupu. Tangazo likiisha, sekunde tano za kimya, kisha tangazo linalofuata.

Fundi Mitambo, Ntinda

Sekunde tano za kimya na simu ya bosi inalia. Anadhani mtambo umezimika.

Mzee wa Bombo

Si bosi peke yake, mwanangu. Kimya redioni kinaniamsha kuliko bendi. Wekeni hata filimbi moja, polepole, nijue bado mko hewani.