"Kontrol boksi itajifunza yenyewe": fundi ameharibu Land Cruiser ya marehemu baba, na kabureta kaiuza chuma chakavu

Wakuu, uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimekaa na hasira hii miezi mingi na leo naitoa yote.

Gari ni Toyota Land Cruiser FJ60 ya 1984, injini 2F ya petroli, silinda sita za mstari, cc 4230. Marehemu baba alilinunua mnadani mwaka 1996, mradi fulani wa maji ulipofunga kazi na kuuza magari yake. Limebeba mahindi, limebeba wajawazito usiku wa mvua, na siku ya mwisho lilimbeba yeye mwenyewe kwenda Marangu kuzikwa. Nasema haya ili mtu asije na "si uuze tu ununue Prado". Siuzi.

Tatizo la awali lilikuwa dogo, na kila aliyemiliki 2F analijua. Asubuhi ya baridi unavuta choki, unasubiri. Kabureta (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) ukiiseti Dar, usawa wa bahari, ikatulia vizuri, ukifika Marangu gari linatoa moshi mweusi, kwa sababu kule juu hewa ni nyepesi lakini jeti, kile kitundu cha kupimia petroli, inamwaga petroli karibu ile ile. Halafu kuna ugonjwa wa injini ndefu za silinda sita zenye kabureta moja katikati: silinda za katikati zinashiba, ya 1 na ya 6 huko mwisho zinapata mabaki. Ukitoa plagi unaliona kwa macho, za katikati nyeusi, za pembeni zimepauka. Lita moja ilikuwa inanipa kilomita 5, barabara kuu labda 5 na nusu.

Nozeli sita za kupuliza petroli, kila silinda na yake, zikiongozwa na kompyuta ya injini, yaani kontrol boksi (mfumo wa EFI), ndiyo dawa ya hayo yote. Hapo sikudanganywa. Nilidanganywa kwamba yule fundi anaijua hiyo kazi.

Gereji ipo Dar, jina silitaji. Fundi alinisikiliza, akazunguka gari mara moja, akasema: "Bosi wangu, hii kazi ya wiki mbili. Tunatoa hiyo kabureta ya kizamani, tunafunga mfumo wa EFI wa Toyota Mark II GX90, silinda sita kwa silinda sita, mpangilio wa kuwaka ule ule, 1-5-3-6-2-4. Lita moja utapata kilomita 9." Nikamuuliza, umeshawahi kufanya 2F? Akajibu, "Bosi, injini ni injini."

Jibu lile peke yake lilitosha kunifanya nigeuze gari niondoke. Sikuondoka, na hilo nitalijutia muda mrefu.

Nilitoa milioni 3.2. Wiki mbili zikawa miezi minne. Ikaja laki nane ya kontrol boksi nyingine kwa sababu ya kwanza "imekufa", ikaja laki tatu ya waya, ikaja laki mbili na nusu ya pampu. Jumla milioni 4.55. Risiti ninayo moja tu, ya pampu.

Siku ya kulichukua, liliwaka. Robo ya stata tu limeshika, nikafurahi. Lakini sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ilikuwa inapanda na kushuka kama mgonjwa wa pumu, moshi mweusi nyuma, harufu ya petroli mpaka ndani. Nikamwambia, fundi, hili halijatulia. Ndipo akanipa ile sentensi: "Kontrol boksi itajifunza yenyewe. Tembeza kilomita 500, itaizoea injini."

Nikatembeza 500. Nikatembeza 1,200. Lita moja ikawa inanipa kilomita 3. Oili ikawa inapanda kwenye dipistiki badala ya kushuka, ukiinusa ni petroli. Mlimani ukikanyaga, injini inagonga kama kuna mtu ndani na nyundo, na mshale wa joto unapanda. Kila nilipompigia simu jibu lilikuwa moja: bado inajifunza.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa suala linaacha kuwa la fedha. Desemba tulikuwa tunakwenda nyumbani, mimi, mama, mke wangu na watoto watatu. Tumeshapita Segera, tunakaribia Mombo, mama akasema, "Baba, mbona nasikia petroli?" Kabla sijajibu injini ikazima. Nikaliserereshea pembeni, nikafungua boneti. Mpira wa mafuta umechomoka kwenye reli ya nozeli, bomba linalozigawia petroli, na pampu inaendelea kupiga. Injini imekufa, pampu inapiga! Petroli inaruka na kudondokea manifoldi ya ekzosti, ambayo kwenye 2F ipo upande ule ule na manifoldi ya hewa (bomba linalogawa hewa kwa silinda), imekaa chini yake. Mvuke unafuka. Nilimpigia kelele mke wangu azime swichi, tukashusha watoto, tukakaa mbali kwenye majani karibu nusu saa, hakuna aliyesema neno. Haikuwaka. Ni Mungu tu.

Gari linalotoka kiwandani na EFI, injini ikiacha kuzunguka, pampu inakatwa. Hiyo ni kinga ya kwanza kabisa, imewekwa kwa ajili ya ajali na kwa ajili ya siku kama ile. Huyu aliuchukua waya wa pampu akaupeleka moja kwa moja kwenye swichi. Hata fyuzi hakuweka. Na mpira alioufunga ni wa kabureta. Pampu ya asili ya 2F, ile inayosukumwa na kamshafti (shafti inayofungua valvu), inatoa presha ya psi 4 hivi. Mfumo wa nozeli unafanya kazi kwenye psi 40. Presha mara kumi, kwenye mpira wa kabureta, na klipu ya kukaza kwa bisibisi, juu ya ekzosti ya moto, na watoto wangu wamekaa nyuma.

Tulivutwa mpaka Moshi. Januari nikalipeleka Arusha kwa mzee mmoja aliyezeekea kwenye Land Cruiser za watalii. Alifungua boneti, akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, aliyefanya hivi ulimkosea nini?" Akaanza kunionyesha kimoja kimoja, na mimi naandika.

Kontrol boksi na nozeli ni za 1G-FE, injini ya hiyo GX90: cc 1988, valvu 24, kamshafti mbili juu. 2F ni cc 4230, valvu 12 zinazosukumwa na fimbo, injini ya kuvuta mzigo taratibu. Ndani ya boksi kuna jedwali la hesabu: resi (kasi ya injini) hizi, presha hii ya hewa, mimina petroli kiasi hiki. Jedwali lile liliandikwa kwa injini isiyofika hata nusu ya yangu. Boksi inaweza kujirekebisha kidogo, hilo ni kweli, lakini inajirekebisha kwa kusoma sensa ya oksijeni kwenye ekzosti. Sensa yenyewe haikufungwa! Waya wake umeviringishwa solotepu na kufichwa nyuma ya dashibodi. Taa ya cheki injini haikuunganishwa popote. Miezi yote ile naambiwa boksi inajifunza, kumbe kifaa cha kujifunzia hakipo.

Nozeli za injini ya lita mbili zikawa ndogo. Yule fundi wa Dar alipoona gari halina nguvu, badala ya kutafuta nozeli kubwa, akaubana mpira wa kurudisha mafuta kwenye tenki ili presha ipande. Kwa hiyo kwenye foleni injini inazama kwenye petroli, na mlimani bado nozeli hazitoshi, inakufa njaa na kuchemsha. Magonjwa mawili yanayopingana, injini moja, siku moja.

Sensa ya joto la maji nyuzi zake hazikulingana na tundu la kwenye 2F. Fundi wa kuchonga angetengeneza adapta kwa asubuhi moja. Huyu aliifunga kwa waya pembeni, inaning'inia hewani. Boksi ikawa inaamini injini ni ya baridi saa zote, inaongeza petroli kana kwamba ndiyo kwanza kumekucha. Petroli isiyoungua inaosha kuta za silinda na kushuka kwenye oili, oili inakuwa maji, beringi zinaanza kulika. Mzee alimwaga oili ile kwenye beseni mbele yangu. Ilitiririka kama chai.

Kuna la distributa pia, kifaa kinachogawa umeme wa plagi, na hili nataka kila mwenye gari la zamani alielewe. Distributa ya kabureta ina vyuma viwili ndani vinavyotanuka resi ikipanda, ndivyo vinavyowahisha moto wa plagi. Kwenye EFI ya aina hii kazi hiyo inafanywa na boksi. Ukihamia, vile vyuma lazima uvifunge visicheze. Yeye alikata kichwa cha distributa ya GX90 akakichongesha juu ya shafti ya zamani, vyuma akaviacha huru. Moto ukawa unawahishwa mara mbili, na vyuma na boksi, tena kwenye silinda ambayo mafuta hayajatosha. Ndiyo ile nyundo niliyokuwa naisikia mlimani.

Lakini kilichonitoa machozi ni manifoldi. Ameitoboa matundu sita kwa drili ya mkono, nozeli amezigandisha kwa gundi ya chuma. Hakuna mbili zenye pembe moja. Nyingine inapiga petroli ukutani badala ya mlangoni mwa valvu, nyingine inavuta hewa pembeni, ndiyo maana sailensi haitulii. Ile manifoldi haitumiki tena kwa kabureta wala kwa nozeli.

Nikajipa moyo: basi, nitatafuta manifoldi nyingine, nirudishe kabureta yangu. Nikampigia fundi wa Dar. Akaniambia, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, "Aah bosi, ile tuliuza na chuma chakavu. Si ulishahamia EFI?" Kabureta ya Aisan iliyotoka na gari kiwandani, ambayo baba alikuwa anaifungua mwenyewe sebuleni juu ya gazeti na kunifundisha kila jeti jina lake, imeuzwa kwa kilo. Pampu ya zamani pia. Hakuniuliza. Mali ilikuwa ya nani?

Na hiyo lugha ya "kabureta ya kizamani" naomba mafundi muiache. Datsun 240Z zilizoshinda Safari Rally 1971 na 1973 kwenye tope la Afrika Mashariki zilikuwa silinda sita za mstari na kabureta. Watengenezaji wa gari hilo walipoamua kuhamia nozeli, kwenye 280Z ya 1975, waliweka mfumo wa Bosch uliopangwa kwa injini ile, na pampu yake na waya zake. Toyota vivyo hivyo. Familia hii hii ya 2F walipoipeleka kwenye EFI mwishoni mwa miaka ya 1980 walitoa 3F-E, cc 3955, na kila kitu kikapangwa upya. Kampuni nzima yenye wahandisi ilikaa chini ikapiga hesabu. Mtu mmoja Dar anasema injini ni injini.

Kazi inafanyika, sitaki mtu aondoke hapa akidhani haiwezekani. Mzee wa Arusha alinieleza njia mbili. Ya kwanza ni kuweka kichwa chenye nozeli pale pale kabureta ilipokaa, presha yake huwa ndogo, waya chache, manifoldi haiguswi, ila silinda za mwisho zitaendelea kupata mabaki. Ya pili ni nozeli sita kwenye manifoldi iliyochongwa kwa mashine, pamoja na boksi ya kuprogramu, za aina ya MegaSquirt, ambayo unaiandikia jedwali la injini yako mwenyewe ukiwa umefunga sensa ya oksijeni yenye kusoma mchanganyiko kwa upana, unatembea na kompyuta mapajani, siku kadhaa, tambarare na mlimani. Njia zote mbili zinataka mipira ya presha halisi, njia ya kurudisha mafuta iliyo wazi, na pampu inayokufa injini ikifa. Mzee akamalizia, "Mimi ya pili sijawahi kuifanya, siwezi kukudanganya. Ya kwanza naiweza." Mnaona tofauti? Mtu mwenye miaka yote hiyo kwenye magari anasema hajawahi. Angekuwa yule wa Dar amesema neno hilo moja mwezi wa kwanza, leo nisingekuwa naandika.

Nilimfuata gerejini mwezi uliopita na maandishi yote. Hakukana hata kimoja. Alisema, "Bosi, na sisi tunajifunza." Nikamwambia jifunze kwa injini yako, ununue yako, uitoboe, uichome, ukishaijua niite. Anasema atanirudishia milioni moja kidogo kidogo. Mpaka leo sijapata hata shilingi. Mwenye uzoefu wa kudai fundi mahakama ya mwanzo bila mkataba wa maandishi, ukiwa na picha, meseji na miamala ya simu tu, naomba anieleze ilikwendaje.

Gari lipo Arusha, chini ya mwembe wa mzee, injini imefunguliwa. Ringi zimelika, beringi mbili zimechubuka, silinda zenyewe anasema zitapona. Natafuta manifoldi nzima ya 2F ya hewa, kabureta ya Aisan ya 2F hata kama imekufa tutaifufua, distributa isiyokatwa, na pampu ya mafuta ya kamshafti. Mwenye FJ40, FJ45 au FJ60 iliyolala shambani, au anayejua ilipo, anitumie ujumbe. Nitakuja mwenyewe kuvifungua, na nitalipa siku hiyo hiyo.